Shujaa wa Kenya: timu iliyoishinda Fiji, ikashindwa na mshahara

KINDU. Hapa kwetu ukisema neno timu, mtu anaelewa mpira wa miguu. Tangu Kasuku hadi Mikelenge, na ng'ambo ya mto huko Alunguli, jina la AS Maniema Union liko mdomoni mwa watoto na wazee. Timu hiyo iliyozaliwa mwaka 2005 imetufikisha mbali: msimu wa 2024-2025 ilicheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, pamoja na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini na timu mbili za Moroko, Raja Casablanca na AS FAR.

Raga, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, haina mizizi kwetu. Wengi tunaiona tu pale televisheni ya Kifaransa inapoonyesha mechi, na mtu anayeitazama kwa mara ya kwanza anauliza mbona watu wanarundikana hivyo juu ya mpira mmoja. Hata hivyo leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu historia ya timu moja ya raga ya majirani zetu Wakenya. Inaitwa Shujaa. Ilitoka chini, ikapanda mpaka ikawashinda mabingwa wa dunia, kisha ikaanza kuteremka, na mwaka 2023 ikapoteza nafasi iliyokuwa imeikalia kwa karibu miaka 20.

Tunaisimulia kwa sababu Shujaa hawakuanguka kwa kukosa mbio wala nguvu. Walianguka kwa jambo ambalo kila mfanyakazi wa Kindu analijua bila kufundishwa: kazi inafanyika, malipo hayafiki.

Mchezo wenyewe

Kwanza tueleweshane. Raga ya chama, ile inayochezwa Ufaransa, Uingereza na Afrika Kusini, ina sura mbili. Kuna ile ya wachezaji 15 kila upande, na kuna ile ya wachezaji 7. Shujaa ni timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji 7.

Mchezaji anaubeba mpira mikononi na kukimbia nao. Akitaka kumpa mwenzake kwa mkono, anampa aliye nyuma yake au kando, kamwe si aliye mbele. Mpinzani anaruhusiwa kumkamata na kumwangusha. Ukifaulu kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, umepata trai, nayo ina pointi 5. Baada ya trai unapiga teke, na mpira ukipita katikati ya miti miwili ya goli, unaongezewa pointi 2.

Raga ya wachezaji 7 inachezwa kwenye uwanja uleule wa wale 15. Fikirieni nafasi inayobaki wazi. Kila kipindi kina dakika 7 tu, lakini ni dakika za kukimbia bila kupumzika, na kosa moja la ulinzi linazaa trai. Kwa hiyo mchezo huu unawapendelea vijana wenye mbio kali na mapafu ya kuvumilia. Kwa mambo hayo Kenya haijawahi kuwa na upungufu.

Kutoka viwanja vya walowezi

Raga ililetwa Kenya na Waingereza wakati wa ukoloni. Kwa miaka mingi ilikuwa mchezo wa walowezi na klabu zao, Mwafrika akiwa mtazamaji au mfanyakazi wa uwanja. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mchezo ulihama taratibu. Uliingia katika shule za sekondari za wavulana, kisha ukaingia Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi wa miaka ya 1970 waliunda timu yao, Mean Machine. Klabu za zamani kama Impala, Harlequin na Nondescripts nazo zikajaa vijana Wakenya. Uwanja wa raga wa barabara ya Ngong, Nairobi, ukawa nyumba ya watu wapya.

Katika miaka hiyo yote hakukuwa na mtu aliyelipwa. Si Kenya tu: raga ya chama ilikataza malipo kwa wachezaji dunia nzima, ikisema huu ni mchezo wa ridhaa. Mwezi wa Agosti 1995 wakubwa wa raga walikutana Paris na kufuta katazo hilo. Kuanzia hapo mchezaji wa raga aliweza kuwa mfanyakazi kama wengine, mwenye mkataba na mshahara.

Mwaka uliofuata, 1996, Nairobi ilianzisha mashindano yake ya wachezaji 7, Safari Sevens, na timu za nje zikaanza kuja. Mwaka 1999 dunia nayo ikaanzisha mzunguko wa mashindano ya wachezaji 7, unaotembea kutoka mji hadi mji: Dubai, Hong Kong, London na kwingineko. Kenya ilianza kama mgeni anayealikwa leo na kuachwa kesho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaingia katika timu za kudumu, zile zinazocheza kila kituo cha mzunguko bila kuomba nafasi.

Nafasi hiyo ya kudumu ndiyo kiini cha historia yetu, tuishike vizuri. Ukiwa timu ya kudumu, una safari za msimu mzima, una fungu kutoka shirika la raga la dunia, na wafadhili wanakuja kwa sababu jina lao litaonekana kwenye televisheni za nchi nyingi. Ukiipoteza, hivyo vyote vinapungua kwa pamoja.

Miaka ya kupanda

Mtu wa kwanza wa kukumbukwa ni Benjamin Ayimba. Alikuwa mchezaji wa klabu ya Impala, akawa nahodha wa timu ya taifa, kisha akawa kocha wake. Chini yake Shujaa walianza kuogopwa.

Mwezi wa Machi 2009, katika Kombe la Dunia la wachezaji 7 lililochezwa Dubai, Kenya ilikutana na Fiji kwenye robo fainali. Fiji ni visiwa vidogo katika Bahari ya Pasifiki, lakini kwa raga ya wachezaji 7 wao ni kama Brazil kwa mpira wa miguu, na ndio waliokuwa wanalishika kombe hilo. Kenya ikawafunga 26-7. Ilisimamishwa na Argentina kwenye nusu fainali, 12-0, lakini habari ilikuwa imeshaenea. Mwezi uliofuata, huko Adelaide, Australia, Kenya ilifika fainali ya kituo cha mzunguko wa dunia na kushindwa na Afrika Kusini.

Msimu huo kijana mmoja, Collins Injera, alifunga trai 42, zaidi ya mchezaji mwingine yeyote duniani. Kaka yake, Humphrey Kayange, alikuwa nahodha. Nyumba moja ilitoa watu wawili ambao makocha wa nchi tajiri walikaa usiku wakiwatazama kwenye video ili wajue namna ya kuwazuia.

Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, 2009, kamati ya Olimpiki ya dunia iliamua kwamba raga ya wachezaji 7 itaingia katika Michezo ya Olimpiki ya 2016. Mchezo uliokuwa wa wikendi ukawa kazi ya serikali na makampuni. Kenya nayo ikajipanga kwa namna hiyo. Wachezaji wa Shujaa wakawa watu wa mkataba na Chama cha Raga cha Kenya, wenye mshahara wa mwezi na mazoezi ya kila siku. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Kijana anayelipwa anaamka kwenda mazoezini akijua kodi ya nyumba iko. Anakula vizuri, analala mchana, na akiumia anatibiwa. Kijana asiyelipwa anafanya mazoezi jioni baada ya kazi nyingine, akiwa amechoka, na akiumia ameumia.

Matunda yalionekana. Msimu wa 2012-2013, chini ya kocha Mwingereza Mike Friday, Kenya ilimaliza nafasi ya 5 duniani. Huko Wellington, nyumbani kwa New Zealand, iliwatoa wenyeji 19-14 kwenye nusu fainali, kisha ikashindwa na Uingereza 24-19 katika muda wa nyongeza. Katika Kombe la Dunia la 2013, Moscow, ilifika tena nusu fainali. Friday akaondoka baada ya hapo. Akaja Paul Treu kutoka Afrika Kusini, naye hakudumu. Mwaka 2015 Wakenya wakamrudisha mtu wao, Ayimba.

Singapore, 17 Aprili 2016

Kila timu ina siku yake. Siku ya Shujaa ni Jumapili ya tarehe 17 Aprili 2016, mjini Singapore. Kenya iliitoa Ufaransa kwenye robo fainali, ikaishinda Argentina 15-12 kwenye nusu fainali, na kwenye fainali ikawakuta Fiji, mabingwa wa mzunguko wa dunia.

Ilikuwa 30-7. Si ushindi wa bahati wala wa dakika ya mwisho. Wachezaji wa Kenya, wakiongozwa na nahodha Andrew Amonde, waliwakimbiza Fiji tangu mwanzo mpaka Fiji wakakosa la kufanya. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kuchukua kombe kuu la kituo chochote cha mzunguko wa dunia. Miezi minne baadaye, huko Rio, Fiji walichukua medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huu, wakiifunga Uingereza 43-7 kwenye fainali. Pimeni wenyewe ukubwa wa waliyoyafanya Wakenya.

Mwezi wa Mei mwaka huo, mjini London, Injera alipita trai 230 za Santiago Gómez Cora wa Argentina na kuwa mfungaji mkuu wa historia ya mzunguko. Rekodi hiyo ilikuja kuchukuliwa na Mwingereza Dan Norton, lakini Injera alimaliza na trai 279, na jina lake halitafutika.

Hapo ndipo kilele. Olimpiki ya Rio haikuwaendea vizuri, walimaliza nafasi ya 11, na Ayimba akaondoka tena. Nafasi yake ikachukuliwa na Innocent Simiyu, ambaye naye alikuwa mchezaji wa timu hiyo zamani.

Mwaka wa pointi nyingi na mfuko mtupu

Sasa tunafika penye fundisho. Ukitazama vitabu vya matokeo, msimu wa 2017-2018 ni mzuri ajabu. Kenya ilikusanya pointi 104, kuliko msimu mwingine wowote wa nyuma, na kumaliza nafasi ya 8. Ilicheza fainali mbili ndani ya miezi miwili, Vancouver mwezi wa Machi na Hong Kong mwezi wa Aprili, zote dhidi ya Fiji, na zote ikashindwa. Aliyesoma magazeti ya michezo tu angesema timu hii iko salama.

Lakini nyuma ya pazia mambo yalikuwa mengine. Tarehe 1 Januari 2018 sheria mpya ya Kenya ilipandisha kodi ya makampuni ya kamari hadi asilimia 35. Siku iliyofuata kampuni ya SportPesa, iliyokuwa mfadhili wa timu nyingi za nchi hiyo ikiwemo raga, ilitangaza kwamba inasimamisha ufadhili wake wa michezo ndani ya Kenya. Mfadhili mkubwa alipovuta mkono, ikaonekana kwamba nyumba ilikuwa imesimama juu ya nguzo chache mno.

Mwezi wa Juni 2018 Shujaa walikwenda Paris kwa kituo cha mwisho cha msimu. Walivaa jezi zenye nembo ya shirika la serikali la kutangaza jina la Kenya, lililokuja kama mfadhili mpya. Wachezaji wakaingia uwanjani nembo hiyo ikiwa imefunikwa. Walikuwa wanadai malipo yao, na waliona hakuna mlango mwingine wa kubisha. Picha zikazunguka dunia.

Mtu anaweza kuwalaumu. Kufunika jina la anayekuletea chakula mezani si jambo dogo, na wakubwa wa raga walikasirika. Lakini jiulizeni pia: ni timu gani inayofikia hapo katika msimu wake wa pointi nyingi kuliko yote? Mkono mtupu haulambwi, na wazee waliosema hivyo hawakuwa wanaongea juu ya mikono ya wafadhili peke yake. Wachezaji walikuwa wamesubiri. Uvumilivu wao ulikuwa sehemu ya mtaji wa timu, na mtaji huo ukaisha.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Chama cha raga hakikuwa na mgodi wa dhahabu. Safari za msimu mzima, hoteli, madaktari, makocha na mishahara ni mzigo mzito kwa chama ambacho hakina mapato ya televisheni kama kile cha Uingereza au cha Ufaransa. Mfadhili mmoja akitoka, shimo linabaki wazi. Shida ni njia iliyochaguliwa ya kuliziba shimo hilo.

Njia hiyo ilikuwa kupunguza mishahara. Msimu wa 2018-2019 ulipokaribia, wachezaji wakongwe walipewa mikataba mipya yenye malipo madogo kuliko ya zamani, na wengi wakakataa kuitia sahihi. Simiyu hakuwa kocha tena. Paul Murunga akapewa timu, akapanda ndege kwenda Dubai na Cape Town na vijana ambao wengi wao walikuwa hawajauonja mzunguko wa dunia. Walipigwa huku na kule. Mwisho wa msimu Kenya ilikuwa nafasi ya 13, ikiponea kushuka daraja.

Tangu nafasi ya 8 hadi ya 13 ndani ya mwaka mmoja. Viwanja vilikuwa vilevile, hata jezi zilikuwa zilezile. Kilichoondoka ni watu wanaojua kazi, na sababu ya kuondoka kwao iliandikwa kwenye karatasi ya mshahara.

Kushuka taratibu, kisha kwa ghafla

Baadhi ya wakongwe walirudi baadaye, lakini uzi uliokatika ukiungwa unabaki na fundo. Kisha ukaja ugonjwa wa Korona, na mwezi wa Machi 2020 mzunguko wa dunia ukasimama. Kwa timu tajiri ilikuwa mapumziko yenye mshahara. Kwa timu kama Shujaa ilikuwa miezi bila mashindano, bila watazamaji na bila wafadhili. Katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Simiyu akiwa amerudi kama kocha, walimaliza nafasi ya 9. Amonde alikuwa mmoja wa wawili walioibeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi, heshima ambayo mchezaji wa raga wa zamani hangeiota.

Mwaka huohuo Kenya ilimpoteza Ayimba. Alifariki tarehe 21 Mei 2021, akiwa na umri wa miaka 44, kwa malaria iliyopanda kichwani. Sisi wa Maniema hatuhitaji kuelezwa ugonjwa huo, tumewazika wengi kwa ajili yake.

Halafu ukaja msimu wa 2022-2023. Shirika la raga la dunia lilikuwa limeamua kupunguza timu za kudumu za wanaume kutoka 16 hadi 12. Kwa timu yenye afya hiyo ilikuwa habari ya mbali. Kwa timu iliyokuwa inazungukazunguka chini ya jedwali ilikuwa hukumu. Kocha mpya, Mwingereza Damian McGrath, alijaribu, lakini Kenya ikajikuta London mwezi wa Mei 2023, pamoja na Uruguay, Canada na Tonga, zikigombania nafasi moja iliyobaki.

Mechi ya mwisho ilikuwa Kenya na Canada. Canada ikashinda 12-7. Ilikuwa Jumapili, tarehe 21 Mei 2023, miaka miwili kamili tangu kifo cha Ayimba. Pointi 5 zilizokosekana ni sawa na trai moja. Timu ambayo mtu wake mmoja alifunga 279 ilikosa moja, na karibu miaka 20 ya nafasi ya kudumu ikaisha.

Hata kwa matajiri

Asije mtu akasema haya ni mambo ya Afrika tu. Msimu huohuo wa 2022-2023, Uingereza, mahali raga ilipozaliwa, klabu tatu za ligi kuu ya wachezaji 15 zilikufa kwa madeni. Worcester Warriors iliwekwa chini ya wasimamizi wa madeni mwezi wa Septemba 2022. Mwezi wa Oktoba ikafuata Wasps, klabu iliyoanzishwa mwaka 1867 na iliyokuwa bingwa wa Ulaya mara mbili, 2004 na 2007. Ilikuwa imehama kutoka eneo la London kwenda Coventry, ikakopa pesa nyingi kwa watu, na siku ya kulipa ikafika kabla ya pesa. Mwezi wa Juni 2023 London Irish nayo ikafungiwa, kwa kuwa ilishindwa kuonyesha itawalipaje watu wake.

Klabu hizo zilikuwa na viwanja, mabasi, wanasheria na wahasibu. Hata hivyo ziliishi kwa pesa ambazo mchezo wenyewe haukuzileta. Zilimtegemea mwenye mali afungue mfuko kila mwaka, na alipochoka au alipoishiwa, hakukuwa na kitu chini. Tofauti ni kwamba klabu zao zilianguka mara moja, mahakamani, kwa tarehe inayojulikana. Shujaa walianguka kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na wengi waliona tu siku ya mwisho.

Walirudi, lakini

Historia haikuishia London. Kocha Kevin Wambua alichukua timu na kuipitisha daraja la pili, na mwezi wa Juni 2024, mjini Madrid, Kenya iliishinda Ujerumani 33-15 na kurudi katika mzunguko mkuu. Wakenya walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Kushuka kulikuwa kumewachukua miaka mitano. Kurudi mlangoni kuliwachukua mwaka mmoja. Lakini kurudi mlangoni si sawa na kukaa kwenye kiti cha Singapore. Kikosi kile cha 2016 kilijengwa kwa miaka, na miaka hainunuliwi kwa mechi moja.

Na sisi?

Tumerudi nyumbani. Klabu nyingi za Kongo yetu zinaishi kwa mfuko wa mtu mmoja au watu wachache. Si aibu, na wakati mwingine inazaa makubwa: TP Mazembe ya Lubumbashi, chini ya Moïse Katumbi anayeiongoza tangu 1997, imechukua kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015. Lakini timu inayosimama juu ya mfuko mmoja inasimama kadiri mfuko huo unavyosimama. Shujaa walisimama juu ya mifuko michache, na ulipofungwa mmoja tu, ukuta ukaanza kupasuka. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na Wakenya wanaujenga mpaka leo.

Sisi mashabiki tuna tabia ya kuuliza maswali timu ikishafungwa. Tunamtafuta kocha wa kumfukuza na kipa wa kumzomea. Maswali yenye faida yanaulizwa wakati timu inashinda, wakati viwanja vimejaa na kila mtu anataka kupiga picha na wachezaji. Je, wachezaji wana mikataba iliyoandikwa, au wana ahadi za mdomo? Mfadhili akiondoka leo, kuna mishahara ya miezi mingapi? Kijana akivunjika mguu, nani analipa hospitali? Mchezaji akiwa na malalamiko, kuna ofisi inayomsikiliza, au lazima asubiri siku ya kamera?

Maswali hayo yanahusu klabu za ligi kuu, na yanahusu pia timu ndogo za mitaa yetu, ambazo vijana wake wanacheza Jumapili na kurudi nyumbani kwa miguu. Wanahusika pia walimu wa mazoezi, madaktari wa timu na wanaofua jezi.

Mwaka 2018 Kenya ilikuwa na pointi 104, fainali mbili, na wachezaji waliokuwa wakidai malipo yao. Watu wakahesabu pointi. Madai yakahesabiwa baadaye, kwa bei kubwa zaidi.

Mwandishi wetu, Kindu